Mama Tangazo na Siku Paa Lilipoondoka

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mtangazaji wa uwanja wetu wa ndege, Mama Tangazo, atazima kipaza sauti na kwenda zake nyumbani. Wengi wenu mnamjua kwa sauti tu.

Alianzia kaunta ya maulizo. Alihamishiwa kitengo cha matangazo baada ya abiria kulalamika kwamba majibu yake yanasikika hadi msalani. Uongozi wa wakati huo ukaona hicho ni kipaji. Mwanawe wa kwanza anasimulia kuwa hata nyumbani waliitwa mezani kama abiria, na aliyechelewa aliachwa.

Uongo wetu mdogo mdogo wa kila siku ulimchosha. Akiandikiwa atangaze "sababu za kiufundi", alishuka ngazi kwenda kuuliza ni zipi. Mameneja kadhaa walijifunza kujifungia ofisini.

Kisha ikaja dhoruba ya mwaka juzi. Taarifa rasmi ilisema paa la ukumbi wa kuondokea "lilipata hitilafu". Ni kweli. Lilipata hitilafu likaenda kutua kwenye maegesho, kipande kimoja juu ya gari la meneja wa zamu. Umeme ukakatika, vipaza sauti vikafa, mvua ikawamwagikia abiria na masanduku yao. Umati ukakimbilia milango ya vioo, ilhali nje mabati yalikuwa bado yanaruka. Walinzi wawili waliizuia kwa migongo. Mtoto mmoja alikuwa ameshabanwa kwenye kioo, mama yake anapiga kelele na hakuna anayemsikia.

Meneja wa zamu alimwagiza Mama Tangazo awaambie watu kwamba safari zitachelewa kidogo. Yeye akavua viatu, akapanda juu ya mkanda wa mizigo, akasema kwa sauti ileile ya siku zote: "Abiria wote, tafadhali sikilizeni. Leo hakuna ndege itakayoondoka. Kilichoondoka ni paa, na liko hapo nje linawasubiri."

Mzee mmoja aliyelowa chapachapa akapaza sauti: "Kumbe ndiye huyu? Mbona mfupi hivi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Tangazo akamwomba abiria huyo mwenye macho mazuri aanze yeye kurudi nyuma, wengine wamfuate. Wakarudi, bado wanacheka. Mtoto akatolewa mzima, pua nyekundu, amekasirikia dunia nzima.

Kesho yake aliitwa kueleza kwa nini hakutangaza alichoagizwa. Alieleza. Sisi wa ofisi ya pili tulimsikia vizuri bila kusogea. Tangu hapo tunataja sababu halisi. Juzi tulitangaza kwamba ndege inachelewa kwa kuwa dereva wa gari la ngazi ya kupandia ndege amekwenda kula. Abiria walinung'unika, lakini waliketi.

Mama, asante kwa yote. Tunakutakia maisha marefu, matulivu, na majirani wavumilivu. Atakayeshika kipaza sauti baada yako ndiye aliyeandika haya, na tayari meneja ameshamwambia kwamba neno "kidogo" halijawahi kumdhuru mtu. Anaomba, kwa heshima zote, umwachie namba yako ya simu.