Kofia kwa Ndayambaje, Ng'ombe kwa Uwitonze

Sogeeni, wanangu, mukae hapa kitandani, mumoja huku na mwingine huku, maana daktari wa Kirotshe amenirudisha nyumbani kwa ng'ombe zangu, na munajua kwa nini amenirudisha. Mama yenu Mukarugwiza ananikataza kusema sana. Leo anivumilie, kesho nitanyamaza mwenyewe.

Ndayambaje, wewe njo mukubwa wa kampuni ya ndege kule Goma, na Uwitonze, dada yako, njo piloti wako. Watu walinipongeza sana. Na sasa, tangu mvua ya Pasaka, hamusalimiani, hata kanisani munakaa kila mumoja pembe yake, na hiyo njo inaniumiza kuliko huu ugonjwa.

Ninajua yaliyotokea. Ile barabara ya magari kule Walikale tunayoshushia ndege, kwa kuwa uwanja mwingine haiko, ilikuwa imelowa, na muzigo ulipita kiasi. Uwitonze akakataa kuruka. Wewe ukamutumia ujumbe kwenye simu, kwamba apande ao aache kazi. Naye akausoma kwa sauti mbele ya abiria, akakuita muchuuzi wa roho za watu. Ukamusimamisha kazi, mapiloti wenzake wakagoma, wakaweka kofia chini, na ndege zimelala mpaka leo.

Uwitonze, mama yangu, ulifanya vizuri kukataa. Mimi pia nilikuwa piloti, nimeruka njia hiyo tangu nywele zangu ziko nyeusi, ninajua lami ile inavyoteleza, na watu wanavyochelewa kuondoa pikipiki na mbuzi zao. Lakini kumwaibisha kaka yako mbele ya watu, hapana. Yeye pia hana usingizi. Wenye muzigo wanamupigia simu, wenye kampuni wanamupigia simu, na hakuna anayemuuliza kama amekula.

Na wewe, Ndayambaje, unisikilize vizuri. Patron wangu wa zamani, Papa Jérémie, alikuwa mukali, alitufokea mpaka mishipa ya shingo inasimama. Lakini nikimwambia kule Walikale kumefunga, njia haionekani, alikuja mwenyewe uwanjani na kibuyu cha maziwa, tukaketi chini ya bawa la ndege, tukangoja mawingu yafunguke. Siku zingine tulingoja mpaka jioni na hatukuruka, tukarudi nyumbani tukicheka. Kwa hiyo nilimufanyia kazi mpaka uzee. Si kwa mushahara, maana mushahara ule ulikuwa wa kuchekesha.

Sasa vitu vyangu. Nyumba na mashamba ni ya mama yenu, muntu yeyote asimusumbue. Kofia yangu ya piloti ninakupa wewe, Ndayambaje. Uiweke juu ya meza ya biro yako, pale unapofanyia kazi, na kabla ya kumwamuru muntu aruke, uivae kwanza. Utaona haya, lakini uivae.

Na Bihogo, ng'ombe yangu nyekundu ninayoipenda kuliko zote, nayo ninakupa wewe, lakini haitalala kwako. Utaishika kamba kwa mukono wako, umupelekee dada yako, umwambie, nimekupa. Munajua desturi yetu: aliyekupa ng'ombe unaapa kwa jina lake, na humusemi tena vibaya. Na Bihogo ikizaa jike, Uwitonze, ndama huyo utamurudishia kaka yako, naye ataapa kwa jina lako. Mimi sitakuwa hapa tena kuwapatanisha. Bihogo itafanya kazi hiyo.

Muninyanyue kidogo... hivyo, asante. Pumzi imekuwa fupi. Munizike pale juu ya kilima, ndege zinapopita kuelekea Walikale, na musiandike maneno mengi kwenye musalaba. Mungu awashike mukipanda na mukishuka. Awape watoto wanaoitana kwa majina mazuri...

Mukarugwiza, lete maziwa. Uwitonze, kunywa... Sasa mupe kaka yako. Si kupitia mama yako, hapana... wewe mwenyewe, kwa mukono wako.

Njo hivyo. Nimeona.

Kunywa, Ndayambaje, kunywa, mutoto yangu, acha kulia ndani ya maziwa... Munasimama mwende wapi? Hatuna haraka. Ketini hapa karibu. Mbele yangu kumefunga kidogo... tungoje pamoja... mpaka kufunguke.