Ufunguo wa Lifti ya Al-Rawdah

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wakenya wa Jeddah, Mzee Protus, Mchungaji wetu, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa lifti, na nyinyi dada zetu mliopewa na madam ruhusa ya saa mbili tu: hamjambo?

Mmenisifu hadi nikaona aibu. Mmesema Reuben, miaka kumi na mmoja, kutoka Riyadh hadi hapa, hajawahi kumuumiza mtu. Sifa hiyo inanitisha, kwani kesho nasafiri kurudi nyumbani na moyo haujatulia.

Fundi aliyenifunza kazi alipenda kutusimulia habari za ule mnara wa chuma wa Paris. Ulipofunguliwa mwaka wa 1889 lifti hazikuwa tayari, na wakubwa wakapanda ngazi kwa miguu. Wakubwa, jamani! Lifti yenyewe ilikuwa ipande kwa mshazari ndani ya mguu wa mnara, nani angeiamini? Basi mafundi wakaitundika kwa kamba, wakazikata makusudi, breki ikashika.

Sisi je? Sisi hutia sahihi kadi ya ukaguzi mezani kwa mlinzi, mikono ikiwa bado safi, ndipo tupande kazini. Hata mimi. Wiki tatu zilizopita, katika jengo moja la Al-Rawdah, nilitia sahihi, na papo hapo bosi akapiga simu: "Reuben, yalla, haraka, kuna watu wamekwama kwenye lifti kule Ruwais!" Nikaenda mbio, nikasahau. Juzi nikifunga sanduku nikakumbuka. Nikarudi, nikaijaribu breki. Haikushika.

Wiki tatu! Keziah, wewe uliyeketi pale mbele, umeipanda lifti ile kila siku na watoto wa madam wako. Nisamehe. Nimeizima, na tangu juzi unabeba maji hadi orofa ya tisa. Pole sana, dada.

Hillary, simama. Wewe ndiwe unayeshika nafasi yangu. Breki mpya inafika kutoka Riyadh Alhamisi. Kabla ya hapo utapigiwa kelele: "Halas, yatosha, washa tu!" Ufunguo ni huu, nakukabidhi mbele ya watu wote hawa. Utaijaribu kwanza, ndipo utie sahihi? Mwacheni ajibu mwenyewe.

Amesema ndiyo. Nataka kumwamini, lakini hata mimi niliaminiwa. Kwa hiyo Keziah, Alhamisi iangalie kadi kwa mlinzi. Ukiikuta ina sahihi lakini ni safi, haina hata alama ya grisi, usipande.

Mmenivumilia hadi mwisho, ndugu zangu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.