Barnaba Khisa na Makasha ya Vitabu Vipya

Wasikilizaji wapendwa, mtuwie radhi. Saa hii mlikuwa mkimngoja Barnaba Khisa wa Khayega, awaeleze vitabu vipya vya kusoma msimu huu wa mvua. Barnaba hayupo. Barnaba Khisa alipigwa na radi akafariki Jumamosi alasiri, mlangoni pa duka lake la vitabu.

Barnaba alikuwa karani wa shule. Mwaka wa uhuru aliacha kazi hiyo, akafungua duka la vitabu sokoni Khayega. Hakuuza hadithi. Aliuza vitabu vya mambo ya kweli: ukulima wa mahindi, sheria ya mashamba, afya, historia.

Mkewe, Selpher, alishika kichwa.

“Baba Navalayo, hapa watu wananunua chumvi na sabuni. Watakula karatasi?”

Barnaba akacheka. “Mama Navalayo, nchi ni yetu sasa. Tutaiendesha kwa kubahatisha?”

Vitabu vipya vilipofika, alisimama nje ya duka akasoma kwa sauti. Ununue, usinunue, utasikia. Siku moja alisoma kitabu cha uzazi, sokoni, mchana kweupe! Wanawake walijifunika leso wakicheka. Selpher alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwezi uliofuata Selpher alijifungua nyumbani mtoto wao wa pili. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama haikukatika. Jescah, dada yake Barnaba, alitaka wamngoje mkunga.

“Damu hii haingojwi,” Barnaba alisema. “Nimesoma.”

Akakimbia barabarani, akasimamisha lori la mahindi. Selpher alifika hospitali akiwa hai.

“Nilimwitanga kichaa wa makaratasi,” Jescah alituambia juzi. “Tangu siku hiyo niliacha.”

Jumamosi makasha ya vitabu yalifika kutoka Nairobi. Mawingu yalikuwa yametanda. Barnaba aliyabeba kutoka barazani, Selpher akayapokea ndani. Likabaki moja.

“Harakisha, vitalowa,” Selpher alimwambia.

Ukapiga mwanga mweupe. Selpher akaanguka. Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa amelala kizingitini, kasha kifuani.

“Nilimwambia aharakishe,” Selpher anasema. “Neno langu la mwisho kwake. Harakisha.”

Analirudia. Ukimshika mkono, analirudia tena.

Jana, matangani, watu walikuwa wamejaa uani. Selpher akaingia nyumbani, akatoka na kasha lile. Akalifungua mbele yao. Juu kulikuwa na kitabu kipya cha kutunza udongo wa mashamba. Akasimama, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa mmoja, akakoma.

Jescah, ambaye hajui kusoma hata jina lake, akainuka akamshika kiuno.

“Endelea, wifi,” akamwambia. “Tunasikia.”

Selpher akaendelea.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Selpher. Tunawapa pole Navalayo na mdogo wake, pia Jescah na jamii yote ya Khayega. Mungu awashike mahali ambapo sisi hatufiki. Nawe unayetusikia, ukiwa Matungu au Likuyani, jiulize leo: nyumbani kwako kuna nani asiyejua kusoma, na ni lini mara ya mwisho ulimsomea?