Digrii Mia Mbili Themanini

Benchi letu ni mbao mbili juu ya matofali, mkabala na gereji. Hapo ndipo ninapouza kahawa tangu nilipoacha shule kidato cha pili ili nimwangalie mama. Asubuhi hiyo gari la baba lilikuwa mbele ya benchi, boneti juu. Ni la zamani, lina taa za mviringo ambazo baba huzifuta kwa mkono wa shati lake. Alhamisi iliyopita lilikata pumzi katikati ya mlima wa hospitali, mama akiwa kiti cha nyuma, akamkosa daktari. Kesho yake saa mbili asubuhi alitakiwa tena huko juu. Fundi alikuwa amekuja na kamshafti mpya, kile chuma kirefu chenye matuta kinachofungua valvu ili injini ipumue. Spana yake ilikuwa tayari juu ya nati ya kwanza. Alisubiri neno moja la baba.

— Nifungue, nisifungue? Fundi aliuliza. Saa sita kuna mteja mwingine anakuja kuichukua kamshafti hii.

— Subiri, alisema Redio, fundi cherehani ambaye hanyamazi hata akiwa na pini mdomoni. Hapo kwenye boksi pameandikwa nini?

— Digrii mia mbili themanini.

Redio aliweka kikombe chini.

— Mia mbili themanini! Maji yanachemka kwa mia moja tu. Mzee, unataka kumpika shemeji yetu ndani ya gari?

— Joto la wapi? alisema Kona, aliyeendesha lori miaka ishirini. Digrii ni elimu. Jirani yangu anayo moja tu na salamu haitiki. Hicho chuma chenye mia mbili themanini kitakubali kufungwa na huyu fundi aliyeishia darasa la nne?

Fundi hakucheka. Baba pia hakucheka.

— Ni nyuzi, nilisema. Kama za kwenye duara. Tulizipima shuleni.

Fundi alinitazama.

— Binti kasema kweli. Ni muda ambao valvu inakaa wazi injini ikizunguka. Ya zamani inafunga mapema. Hii inakawia, injini inashiba hewa, inapata nguvu.

— Hata ikienda polepole? nikauliza.

— Polepole itakohoa kidogo. Utamu wake unakuja ukikanyaga mafuta.

— Lakini mlima ule tunaupanda polepole. Mama hawezi kutikiswa, mgongo wake…

— Wewe mimina kahawa, alisema baba.

Nikamimina. Nyingine ikaingia kwenye sahani.

— Na ukishafungua, nikauliza bila kumtazama baba, utafunga leo?

— Jioni, Mungu akipenda.

Jioni ya Fundi tunaijua mtaani. Kuna pikipiki ya mtu iko kwenye gunia hapo gereji tangu mwaka jana.

— Akodi gari kesho, yaishe, alisema Kona.

— Mke wangu hapandi gari la mtu na mimi nipo, alisema baba. Nyinyi hamkuwepo. Chini ya mlima nilisimama, huyu akamwekea mama yake mto. Nikaondoka. Gari zito, kama limebeba nyumba! Nakanyaga, halisogei. Harufu ya kuungua ikajaa. Watu wakalisukuma pembeni na mke wangu ndani, kama mzigo. Niliona aibu mpaka mifupani.

Kona alisogeza kikombe chake pembeni.

— Harufu ilitokea mbele au nyuma? aliuliza Kona.

— Nyuma.

— Basi injini imechoka kutema moshi, inaumeza. Unatokea nyuma.

— Wewe umeendesha lori au umelala ndani yake? alisema Redio. Tatizo ni mlima. Kila mwaka wanamwaga lami juu ya lami. Mlima umekua! Gari ni lile lile.

— Mlima ukue? aliuliza Kona.

— Au basi gari linaogopa hospitali. Mimi mwenyewe nikifika lile geti nageuza.

— Jamani, saa tano na nusu, alisema Fundi.

Baba alitazama injini, kisha barabara inayokwenda mlimani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

— Fungua, alisema.

Nati ya kwanza ikalia. Ya pili ikalegea. Nilitamani kuishika spana ile kwa mkono wangu, lakini mtoto hamshiki fundi mkono mbele ya baba yake.

Ndipo fimbo ya mama ikasikika ikigonga sakafu ya duka la jirani, alikokuwa amekaa akitusikia. Alikuja taratibu, hatua kwa hatua, akasimama kwenye kivuli cha boneti. Wote wakasogea kumpisha akae. Hakukaa.

— Shikamoo dada, alisema Redio.

— Marahaba. Baba yao, nina swali dogo. Siku ile, huyu akiniwekea mto, ulivuta breki ya mkono lisirudi nyuma.

— Nilivuta.

— Uliishusha?

Spana ya Fundi ikasimama. Redio aliinama kutazama magurudumu ya nyuma. Kona alianza kukagua kamba za viatu vyake. Baba alitazama kiganja cha mkono wake wa kushoto, akakifumba, akakifumbua.

Mama aliegemea fimbo yake.

Baba akazunguka gari, akaingia, akakaa nyuma ya usukani. Tulisikia breki ya mkono ikishuka: krrr. Ikakwama. Halafu ikashuka tena, kipande kidogo kilichokuwa kimebaki, kama mtu anayemalizia kufunga kitasa: krr.

Fundi alikuwa ameshaanza kurudisha nati.

— Nipe kahawa, mwanangu, mama akaniambia, akakaa.