Kadi Mbili Mlangoni

Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa madaktari, ndugu wauguzi, wageni waalikwa, na wewe Sista unayestaafu leo: mniwie radhi, hotuba niliyoandika nimeikunja na kuitia mfukoni. Nilichokiona mlangoni mwa ukumbi huu saa moja iliyopita kimenifutia maneno yote.

Mimi ni fundi mwashi. Miaka sita iliyopita nilianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, nikapasuliwa mgongo mara mbili, na bado mguu wa kushoto ukawa unawaka moto. Mke wangu ndiye aliyenivalisha viatu. Ndipo Sista akanieleza habari za kifaa kidogo kama kiberiti kinachowekwa chini ya ngozi. Nyaya zake hulazwa karibu na uti wa mgongo, na umeme wake mdogo huvuruga maumivu kabla hayajafika kwenye ubongo. "Hakiponyi, kaka," alisema, "kinapunguza. Tutakijaribu wiki moja. Kisipokufaa, tunatoa nyaya."

Ndugu zangu, mnajua nilimjibu nini? Nilimfokea wodi nzima ikisikia: "Wewe unajua nini kuhusu maumivu? Unakuja hapa kututabasamia, kisha unakwenda kwako kulala!" Akaninyooshea mto. "Pole. Nitarudi kesho." Akarudi kesho, na keshokutwa, na mtondo, hadi nikakubali. Leo maumivu yamepungua zaidi ya nusu, viatu navaa mwenyewe, na kuta fupi fupi najenga.

Sasa, leo pale mlangoni mlinzi ana chombo cha kukagua chuma. Nikatoa kadi yangu inayoonyesha nina kifaa mwilini, ili anipitishe pembeni. Nyuma yangu mkono mwingine ukatoa kadi ya aina ile ile. Kugeuka, Sista! Nikamuuliza:

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu, kaka."

"Na siku ile nilipokutukana, mbona hukusema?"

"Siku ile ilikuwa zamu yako ya kulia."

Naona wauguzi mnatazamana. Kumbe hata ninyi hamkujua? Miaka yote hiyo anatugeuza vitandani, anatushika mikono, na hakuna aliyemuuliza yeye ameamkaje?

Sista, nilikukosea mbele za watu. Mbele za watu nasema: nisamehe, dada yangu.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Naomba mtu amletee kiti. Tangu tuanze amesimama.