Wasifu wa Sumaku, Aliyetaka Kujua Kwa Nini Vitu Vinaanguka

Marehemu, ambaye sote tulimwita Sumaku, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, kitinda mimba wa mhunzi. Mama yake alisimulia kuwa alianguka kitandani akiwa mchanga, na badala ya kulia akaikodolea macho sakafu kana kwamba ndiyo iliyomvuta.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alipofundisha kwamba dunia inavuta vitu, na pia ni sumaku, akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, si kitu kimoja hicho?" Akaambiwa akae chini. Alikaa, lakini swali halikukaa.

Mwaka 1975 alianza kazi ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Karakana yake ilinuka vanishi, na mteja aliyefuata pampu alirudi na pampu pamoja na mhadhara.

Mwaka 1983 alimuoa muuza nafaka wa duka la jirani. Haukupita muda akaazima mizani ya bibi harusi, akaitega juu ya koili, bunda la waya alilolisuka mwenyewe, akawasha umeme. Sinia likashuka, mchele ukaongezeka uzito! Akatoka mbio, mikono juu: "Nimeipata! Njooni muone!" Mtaa ukajaa. Mkewe akaligonga sinia kwa kucha.

"Mume wangu, hili ni chuma. Umevuta sinia, mchele hujaugusa."

Watu walishika mbavu. Yeye alicheka kuliko wote, kisha akasema koili ni ndogo. Tangu hapo akawa anasuka kubwa zaidi kila akipata nafasi.

Mwaka jana moyo ulianza kuchoka. Kilichomtesa si maumivu, ni kuondoka bila kujua. Basi mkewe akamtengenezea mizani ya mbao na kamba, isiyo na msumari hata mmoja. Wanawe wakaiburuta ile koili kubwa hadi kando ya kitanda. Mkewe akaitega mizani juu yake, akaweka mchele, akawasha umeme. Mizani haikutikisika. Watoto wakatazama ukutani, hakuna aliyetaka kumwangalia baba.

"Mmeona?" akapaza sauti, macho yanawaka. "Kumbe siyo sumaku! Ni kitu kingine kabisa! Mama watoto, hebu niambie, kitakuwa nini?"

"Kunywa dawa kwanza, Sumaku."

"Nakunywa, nakunywa. Lakini fikiria!"

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, katikati ya nadharia mpya, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume na wajukuu wanaouliza sana. Apumzike kwa amani, ingawa kwa jinsi tunavyomjua, ataanza na swali.