Daktari Aliyezimisha Randa za Keko

Kabla ya mambo rasmi, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Shavu langu la kushoto lilikuwa na shimo. Sasa halina. Aliyelijaza ni Dk. Auleria Kaijage, ambaye ndiye nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu huu wa programu ya sherehe ya kumuaga. Nimeona nilitaje mapema, msije mkadhani anayeandika ni mtu wa pembeni.

Sasa mambo rasmi. Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025, Dk. Auleria anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutibu ngozi za watu. Miaka kumi na minne ya mwisho amekuwa nasi hapa Keko, katika kliniki yetu ya ghorofani, juu ya karakana za fanicha. Alizaliwa Bukoba, akasomea udaktari hapa Dar es Salaam, kisha akaajiriwa katika hospitali ya serikali, ambako alitibu upele, fangasi na watoto walioungua. Wenzake wa zamani wanasema watoto hao walikuwa wakinyamaza akiingia wodini, kwa sababu alikuwa anawaimbia Kihaya na wao walibaki wanashangaa ni lugha gani.

Ni kovu la moto lililomfikisha kwenye fila. Fila ni jeli laini inayoingizwa chini ya ngozi kwa sindano ili kujaza mahali palipobonyea. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa kijana muuza chipsi aliyerukiwa na mafuta, akabaki na kidevu kilichoingia ndani. Dk. Auleria alikwenda kujifunza kwa ajili ya kidevu hicho. Kina mama wa kurudishiwa ujana bila kupasuliwa walifuata baadaye, na walipoanza kuja hawakukoma.

Nipo mapokezi tangu Juni, nilipomaliza kidato cha sita. Mara chache nimeruhusiwa kuingia chumbani kushika taa, na kila mara nimejikuta nimesahau kupumua. Kwanza anamwomba mgonjwa picha yake ya zamani. Anaitazama kimya kimya kama mtu anayesoma. Halafu, kabla hajagusa chochote, anamchekesha. Anasema uso uliotulia hausemi kweli, na mtu hawezi kujua shavu linakwenda wapi mpaka alione likicheka. Baada ya hapo ndipo anachora alama ndogo kwa penseli nyeupe.

Kisha inakuja sindano, na hapo hana haraka hata kidogo. Jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na hata jicho linaweza kupofuka. Kwa hiyo anaingiza kidogo, anasimama, anabonyeza ngozi kwa kidole, anasubiri rangi irudi, ndipo anaendelea. Muuguzi wetu Flaviana alinisimulia kwamba mwaka mmoja rangi haikurudi kwenye mdomo wa mama mmoja. Dk. Auleria hakupandisha sauti. Alisema, "Flaviana, nipe ya kuyeyushia," akaiyeyusha jeli yote, akakaa naye akiushika mkono wake mpaka mdomo ulipopata damu. Mama yule alikwenda nyumbani na uso wake uleule aliokuja nao, na Daktari alisema hiyo ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Kitu kinachonishangaza zaidi kinatokea huku chini. Mafundi wakiwasha randa za umeme, sakafu yetu inatetemeka mpaka vikombe vinagongana. Sindano haiwezi kufanya kazi hivyo. Ndiyo maana Daktari akiwa tayari, Flaviana anatundika taulo jeupe dirishani. Fundi Salumu, mwenye karakana ya chini yetu, akiliona anapiga kelele: "Zimeni! Daktari kashika sindano!"

Siku yangu ya kwanza nilimsikia fundi mmoja mgeni akilalamika, "Sasa mpaka saa ngapi, fundi? Mie nina kabati la watu."

Salumu akamjibu, "Mpaka taulo litoke. Ungekuwa ni uso wa mama yako unachomwa sindano, ungewasha hilo dude?"

Randa ya Salumu inazima, inazima ya jirani yake, na ya jirani wa jirani, mpaka barabara nzima ya fanicha inanyamaza. Mafundi wanakaa juu ya mbao na kunywa chai. Sijawahi kuona mtu mwingine ambaye Keko yote inamnyamazia, na hajawahi kuwaomba zaidi ya mara moja.

Karakana hizo zimewasaidia wagonjwa wetu kwa namna nyingine. Karibu wote wanakuja kwa siri. Wakiulizwa nyumbani, wanasema wamekwenda Keko kuangalia fanicha. Mtu anashuka kwenye bajaji, anapapasa kochi, anauliza bei ya kitanda asichokitaka, anatazama huku na huku, halafu anapanda ngazi zetu haraka. Fundi Salumu amewazoea. Mwanamke akiuliza bei bila kusikiliza jibu, anamwambia, "Ngazi ni hizo kushoto, mama. Karibu sana."

Yupo mama mmoja ambaye nitamwita Bi Samiha, ingawa si jina lake. Ameniruhusu kuandika haya mradi nimfiche. Alimwambia mumewe mara nyingi mno kwamba amekwenda Keko kuangalia kabati la nguo. Mume akamwonea huruma. Siku moja Bi Samiha alishuka ngazi zetu, mashavu bado yamevimba kidogo, akamkuta mumewe na Salumu wanapakia kabati la milango minne kwenye kigari cha mizigo cha Kirikuu.

"Nimekuhangaikia mke wangu," mume akasema. "Umezunguka vya kutosha. Ni hili, au silo?"

Bi Samiha hakuwahi kuliona kabati lile maishani mwake. Akajibu, "Hilohilo." Mpaka leo liko chumbani kwao na linaziba nusu ya dirisha.

Sasa nirudi kwenye shavu langu. Nikiwa darasa la pili nilipata jipu la jino, likapasuliwa, likaacha shimo. Shuleni waliniita Manal Bonde. Nilijizoeza kukaa ubavu, na picha zangu zote ni za upande wa kulia. Nilipoanza kazi hapa niliigeuza meza ya mapokezi ili shavu la kushoto lielekee ukutani. Hakuna aliyeniuliza, isipokuwa Daktari.

"Manal, mwanangu, meza hii imekukosea nini?"

Nilijifanya napanga mafaili. Hakunilazimisha. Alinieleza fila inaweza kufanya nini na haiwezi nini, kwamba baada ya mwaka au zaidi inayeyuka yenyewe, na kwamba sina deni na mtu la kuwa na shavu lililojaa. Kisha akaniambia nikafikirie wiki mbili. Nilifikiria. Siku yangu ilipofika aliniambia nicheke, nikashindwa kwa woga, akaniimbia ule wimbo wake wa Kihaya mpaka nikacheka. Nilisikia randa zinazima huku chini, moja baada ya nyingine, kwa ajili yangu mimi. Aliponipa kioo sikuona uso mpya. Niliona uso ambao ningekuwa nao siku zote kama jino lile lisingeuma. Nililia, na Flaviana akanikataza kufuta machozi kwa nguvu.

Nyumbani mama alinitazama wakati wa chakula cha usiku akasema, "Alhamdulillah, kazi imekupenda. Umenenepa." Nikaongeza wali.

Mkurugenzi wetu, Dk. Erasmus, aliponipa kazi ya kuandika programu hii, aliniagiza pia nimtafute mgonjwa mmoja wa kusimama Ijumaa na kumshukuru Daktari mbele ya watu. Nilidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi. Nilipiga simu kwa mmoja mmoja, na wote walimmwagia Daktari dua, lakini wakakataa.

"Nisimame mbele za watu niseme shavu hili ni la sindano? Na wifi zangu wako Temeke hiyohiyo?"

"Mwambie nampenda kuliko dada zangu. Lakini kuja siji."

Mwingine alisema nimekosea namba, na sauti yake naijua vizuri kabisa.

Dk. Auleria alinikuta nikiwa kwenye simu hizo. Aliniambia, "Waache, mwanangu. Mie nimezoea." Alisema huku anatabasamu. Kisha akaketi kwenye benchi la wagonjwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akanisimulia harusi moja ya Kibamba. Alialikwa upande wa bwana harusi. Akiwa mezani na sahani yake ya pilau, aliwatambua wagonjwa wake watano ukumbini, na wawili walikuwa meza kuu. Wote walimwona. Mmoja alipita karibu kabisa naye, mama ambaye Daktari alikuwa amemrejeshea mashavu baada ya ugonjwa mrefu. Mama yule akamwambia kama anaongea na mgeni, "Shikamoo. Nawe ni upande wa bwana harusi?" Daktari akajibu, "Marahaba. Ndiyo." Akaendelea kula.

"Walikuwa wamependeza sana," aliniambia. "Niliwatazama mpaka keki inakatwa." Kisha akaongeza, "Ningependa tu siku moja mtu aniamkie kwa jina langu."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu amerudisha nyuso za nusu ya Temeke na Kinondoni, na siku anayoondoka angeagwa na sisi wachache tunaolipwa mshahara pamoja naye. Mimi ni mtu wa haya. Darasani sikuwahi kunyoosha mkono kwa hiari. Lakini kesho yake nilimpigia tena Bi Samiha, na safari hii sikumwomba asimame wala aseme neno. Nilimsimulia harusi ya Kibamba, nikamwambia Daktari anaondoka Ijumaa, saa kumi jioni, basi.

Aliniomba nirudie jinsi mama yule alivyosema. Kisha akasema, "Huyo mama aliyemwamkia kama mgeni nadhani namjua. Ni shoga yangu." Akakata.

Jioni alipiga yeye. "Manal, sikiliza. Tunakuja. Tumeshaongea, tuko wengi kuliko unavyodhani. Lakini tunakuja kuangalia fanicha, umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikashuka kwa Fundi Salumu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea naye zaidi ya salamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachomoa penseli sikioni, akasema, "Basi hiyo sherehe msiifanyie huko juu. Ifanyieni hapa uani. Makochi yote nitayatoa nje, na kina mama wakae humohumo kama wateja. Nani atawauliza?" Dk. Erasmus amekubali. Ndiyo sababu leo mmeketi kwenye fanicha ambazo bado zina nailoni.

Hakutakuwa na hotuba ya mgonjwa, kwa hiyo isubirini bure. Watakapoona wamefika wote, watainuka mmoja mmoja, watakwenda mpaka mbele na kumpa mkono. Kila mmoja atasema maneno matatu tu, kwa sauti ya kusikika: "Shikamoo, Daktari Auleria." Wa kwanza ni yule mama wa harusi ya Kibamba. Aliomba mwenyewe. Mimi nitakuwa wa mwisho, na nimejizoeza mbele ya kioo.

Daktari, kliniki nzima inakushukuru kwa mikono yako na kwa subira yako. Pumzika vizuri, lala mpaka jua lipande, uimbe Kihaya chako kwa wajukuu ambao angalau wao wanakielewa. Mwenyezi Mungu akupe afya na siku nyingi zenye raha.

Na nyie wenzangu wa kliniki na mafundi, ambao ndio pekee mliopewa programu hii, nawaomba jambo moja. Ukikaa karibu na mama usiyemjua, msogezee chai na usimkazie macho. Programu yenyewe ikunje uitie mfukoni, nyumbani isifike. Na mume wa mtu akikuuliza kesho mkewe alifuata nini Keko, mwambie alikuja kuangalia kochi, akaona bei kubwa, akaondoka.

Manal Thuwaini, Mapokezi